Kinyota baridi kinachopita juu ya Mkuranga

Ikifika katikati ya Machi, kama saa tatu na nusu usiku, utosini kabisa pa Mkuranga, mkoani Pwani, hupita kitu ambacho hakuna jicho la binadamu limewahi kukiona. Si kwamba kiko mbali. Kiko umbali wa miaka ya nuru 7.4, na mifumo mitatu tu ndiyo iliyo karibu na Jua letu kuliko chenyewe: Alfa Kentauri, Nyota ya Barnard, na jozi inayoitwa Luhman 16. Shira, ile nyota ing'aayo kuliko zote usiku, iko mbali zaidi, miaka ya nuru 8.6.

Kitu hicho kinaitwa WISE 0855−0714. Ni kibete kahawia, yaani kitu kama nyota kilichokosa uzito wa kuwaka. Namba hizo ni anwani yake angani. Ile ya mwisho maana yake ni nyuzi 7 na dakika 14 kusini mwa ikweta ya anga, na ukifungua ramani utaona Mkuranga nayo imekaa nyuzi 7 na dakika chache kusini mwa ikweta ya dunia. Ndiyo maana nasema utosini. Kimo ndani ya kundinyota la Shuja, magharibi kidogo ya Alfardi, nyota ya rangi ya chungwa iliyo peke yake sehemu ile. Alfardi utaiona bila chombo chochote. Kile kingine hutakiona hata ukipewa darubini kubwa kuliko zote duniani na kuambiwa utazame kwa jicho.

Mimi ni fundi friji. Natunza vyumba baridi, mashine za barafu na friza za samaki, kuanzia Feri hadi Kilwa Masoko, na nyumbani ni Mkuranga. Naandika haya kwa sababu nikiongea na watu kuhusu darubini za anga za juu, wote huniuliza ukubwa wa kioo. Kioo kina mita ngapi, kimepakwa dhahabu kweli, kimegharimu kiasi gani. Baridi hawaiulizii. Na kwa kazi ya kutafuta vitu baridi na hafifu, baridi ya chombo ndiyo inayoamua utaona au hutaona.

Nianze na kifaa nilichonacho mfukoni. Ni bastola ya kupimia joto, ndugu wa ile tuliyokuwa tukielekezewa kwenye paji la uso wakati wa korona. Ile nukta nyekundu ya leza haipimi kitu, inakuonyesha tu umelenga wapi. Kinachopima ni lenzi ndogo inayopokea mionzi ya infraredi, nuru ya joto isiyoonekana kwa macho, kati ya mikroni 8 na 14 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Ukuta wa chumba cha samaki husoma nyuzi 20 chini ya sifuri. Kompresa yenye shida husoma 90. Jioni moja tumemaliza kazi, kijana wangu wa kazi akaielekeza juu. Palikuwa na wingu zito, ikasoma nyuzi 16. Wingu lilipopita akaielekeza tena pale pale, namba ikaporomoka hadi karibu na sifuri.

"Fundi," akaniuliza, "si unasema huko juu ni baridi ya kupindukia? Mbona inaishia sifuri?"

"Kwa sababu hujaisoma anga, dogo. Umeisoma hewa."

Jibu lile lina nusu ya historia ya darubini za infraredi. Hewa tunayoiona haina rangi, kwa infraredi ina joto lake na inang'aa. Mvuke wa maji wang'aa, kaboni dioksidi yang'aa, mchana na usiku. Na bastola yangu imetengenezwa makusudi ipokee sehemu ile ya mikroni 8 hadi 14 ambapo hewa inapitisha vizuri kuliko kwingine. Nje ya dirisha hilo, kwenye urefu mwingi wa mawimbi, mvuke na kaboni dioksidi hufunga kabisa, mwanga wa nyota haufiki chini. Kwa hiyo angahewa inatukosea mara mbili: inameza kile tunachokitafuta, halafu inaweka mng'ao wake mwenyewe mahali pake.

Kanuni yenyewe ni rahisi, ni ya mwanafizikia Wien. Chukua 2,898, gawanya kwa joto la kitu katika kelvini (nyuzi zetu za kawaida ukijumlisha 273), unapata urefu wa wimbi, kwa mikroni, ambapo kitu hicho hung'aa zaidi. Uso wa Jua una kelvini karibu 5,800, jibu ni nusu mikroni, ndiyo nuru ya macho yetu. Mwili wako una kelvini 310, jibu ni mikroni 9.3. Chumba cha samaki, 11.5. Kila kitu kinatoa mwanga, hata barafu, ila vilivyo baridi hutoa kidogo sana na kwa mawimbi marefu. William Herschel ndiye aliyeanza kuishika habari hii mwaka 1800, alipotawanya nuru ya Jua kwa prizimu na kuona kipimajoto kikipanda hata kilipowekwa nje ya rangi nyekundu, mahali pasipo na rangi yoyote.

Sasa fikiria darubini iliyo juu ya mlima. Kioo chake kina nyuzi tano au kumi. Bomba lake pia, kuta za jengo pia, hewa iliyo mbele yake pia. Vyote hivyo vinang'aa sana kwenye mikroni 10, na unatafuta chembe ya mwanga kutoka kwenye kitu chenye joto lile lile au pungufu, kilicho umbali wa kilomita trilioni 70. Wanaastronomia ni watu wavumilivu. Mwaka 2016 walitoa spektra ya WISE 0855, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa mawimbi yake, waliyoipata kwa darubini ya Gemini Kaskazini, juu ya Mauna Kea huko Hawaii, kwa kukusanya mwanga usiku baada ya usiku kwenye dirisha jembamba karibu na mikroni 5. Nawavulia kofia. Lakini njia ya kweli ilikuwa kutoka nje ya hewa, na ukishatoka, kukipoza chombo chenyewe. Hatua hiyo ya pili ndiyo ngumu.

Darubini ya infraredi iitwayo IRAS ilirushwa Januari 1983, ushirika wa Marekani, Uholanzi na Uingereza. Kioo cha sentimita 57, kimezungukwa na heliamu kimiminika. Heliamu ile ilikuwa ikichemka polepole na mvuke wake kutolewa nje, na kila mvuke ulipotoka ulibeba joto. Kufikia Novemba mwaka ule ule ilikuwa imekwisha, na kazi ikaisha nayo. Miezi kumi. Katika miezi hiyo iliorodhesha vyanzo karibu 350,000 na kukuta vumbi limeizunguka nyota ya Vega. Spitzer, iliyorushwa Agosti 2003, ilikuwa na akili zaidi: waliituma ikalizunguke Jua ikiifuata dunia kwa nyuma, mbali na joto la dunia, ikajipoza sehemu kubwa kwa kutoa joto lake kwenye giza kabla heliamu haijabeba kilichobaki. Heliamu yake ilidumu hadi Mei 2009. Kwa fundi, tofauti ya miezi kumi na zaidi ya miaka mitano ni somo zima: kwanza punguza joto linaloingia, ndipo ufikirie mashine.

Halafu ikaja WISE, darubini iliyokipa kitu chetu jina, Desemba 2009. Kioo cha sentimita 40 tu. Badala ya heliamu walitumia haidrojeni iliyoganda, na vipokezi vyake vya mawimbi marefu vilikaa chini ya kelvini 10, yaani zaidi ya nyuzi 260 chini ya sifuri. Iliipiga picha anga yote kwa mikroni 3.4, 4.6, 12 na 22. Haidrojeni ikaisha mwaka 2010.

Zile mbili za kwanza, 3.4 na 4.6, hazikuchaguliwa kwa kubahatisha, na hapa inabidi nieleze walichokuwa wakikitafuta.

Kibete kahawia ni wingu la gesi lililoporomoka kama linavyoporomoka kila linalokuwa nyota, ila uzito ukapungua. Chini ya takriban mara 75 au 80 ya uzito wa Mshtarii, kiini hakipati moto wa kuunganisha haidrojeni kwa kudumu. Kinazaliwa na joto, na kuanzia hapo kinapoa tu, mabilioni ya miaka. Shiv Kumar alikokotoa habari zake mwanzoni mwa miaka ya 1960, Jill Tarter akavipa jina mwaka 1975, na ilipofika 1995 ndipo vya kwanza vilipothibitishwa. Kimoja, Teide 1, kimo ndani ya Kilimia, nyota zile zile ambazo wakulima wetu wamezitazama vizazi kwa vizazi kujua majira.

Vibete vilivyopoa sana vina methani. Methani hunyonya mwanga kwenye mikroni 3.3 hivi, wakati karibu na 4.6 mwanga wa kutoka ndani unapata upenyo. Kwa hiyo weka picha mbili sambamba: kitu kinaonekana vizuri kwenye 4.6 na kimetoweka kwenye 3.4. Nyota ya kawaida haifanyi hivyo. Mwaka 2011 timu ya WISE ikatangaza kundi jipya kabisa la vibete baridi, wakaliita Y.

Kevin Luhman wa Chuo Kikuu cha Penn State akatumia njia nyingine. Alitafuta vitu vinavyosogea. Kilicho karibu husogea haraka dhidi ya nyota za nyuma, na WISE ilikuwa imepita sehemu ile ile ya anga zaidi ya mara moja, kwa tofauti ya miezi. Mwaka 2013 akatangaza ile jozi ya Luhman 16. Mwaka 2014 akatangaza WISE 0855, kinachosogea zaidi ya sekunde 8 za tao kwa mwaka (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja). Ni Nyota ya Barnard na Nyota ya Kapteyn tu zinazokipita kwa mwendo. Ili kupima umbali wake alitumia Spitzer. Wakati huo Spitzer haikuwa na heliamu hata tone. Ilikuwa imepanda hadi kelvini kama 28, na walioiendesha wakaita kipindi hicho "cha joto". Nyuzi 245 chini ya sifuri, wao wanaita joto! Lakini kipokezi chake cha mikroni 4.5 kiliendelea kufanya kazi kwenye baridi hiyo, na kwa kipokezi hicho tukamjua jirani yetu.

Luhman alikadiria joto lake kati ya nyuzi 48 na 13 chini ya sifuri. Chumba cha samaki ninachokitunza kimo ndani ya makadirio hayo. Vipimo vya baadaye vimeipandisha namba hiyo hadi karibu na kiwango cha maji kuganda, au juu yake kidogo, na hata hivyo ndicho kibete baridi kuliko vyote tunavyovijua. Uzito wake unakadiriwa kuwa mara 3 hadi 10 ya Mshtarii, kwa hiyo wapo wanaosema kiitwe sayari isiyo na jua. Sina shida na jina lolote kati ya hayo. Kinachonigusa ni kwamba mwaka ule wa 2014 watu walikuwa wameshatua mwezini, wameshapiga picha galaksi zilizo mabilioni ya miaka ya nuru, na jirani wa nne alikuwa ndiyo kwanza anajulikana. Umbali haukuwa kizuizi. Kizuizi kilikuwa joto letu sisi.

Ndipo ikaja Webb, darubini kubwa ya anga za juu, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, maana hii ndiyo friji bora niliyowahi kuisoma.

Ilirushwa Kourou, Guyana ya Ufaransa, tarehe 25 Desemba 2021, saa tisa na dakika 20 alasiri kwa saa zetu. Iko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande ambao Jua, dunia na mwezi vyote vinabaki mgongoni. Mgongoni huko kuna kivuli cha tabaka tano za Kapton, aina ya plastiki inayostahimili joto, mita 21 kwa 14, kila tabaka jembamba kama utando, na kati ya tabaka na tabaka kuna nafasi tupu ili joto litoke pembeni lisipite mbele. Upande wa Jua ni karibu nyuzi 85. Upande wa kioo ni nyuzi 233 chini ya sifuri. Hakuna kompresa iliyofanya hivyo, ni kivuli peke yake. Vyombo vitatu kati ya vinne vinatosheka na baridi hiyo.

Cha nne, MIRI, hakitosheki. Kinatazama kuanzia mikroni 5 hadi 28, na vipokezi vyake vinahitaji kuwa chini ya kelvini 7. Wangebeba heliamu ya kuchemsha, ingekwisha kama ya IRAS. Wakajenga friji ya kweli, ya mzunguko uliofungwa, gesi haipotei. Kompresa iko kwenye upande wa joto, na mabomba yanasafiri karibu mita 10 hadi kwenye chombo. Pistoni zake zimepangwa jozi zinazokabiliana, moja ikienda huku nyingine inakuja, mitikisiko ifutane, maana picha ingeharibika. Mwishoni gesi hupitishwa kwenye tundu dogo sana, presha ikaanguka, joto likaanguka nayo. Fundi yeyote anayejua kapilari, ule mrija mwembamba wa friji, ataona anaielewa. Ila subiri: heliamu ya joto la chumba ukiipitisha kwenye tundu hilo haipoi, inapata joto. Inaanza kutii ikiwa tayari iko chini ya kelvini 40 hivi. Kwa hiyo kabla ya hatua ile kuna mashine nyingine nzima ya kuipoza kwanza, hadi kelvini 18, na hiyo nayo inafanya kazi kwa mapigo ya presha ndani ya mirija isiyo na kitu kinachosogea upande wa baridi. Nilipoisoma sehemu hii mara ya kwanza niliinuka kwenye kiti.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wenzangu watalipenda. Sisi kabla ya kujaza gesi tunavuta vakyumu mpaka unyevu wote utoke, kwa sababu tone la maji likiganda kwenye kapilari mfumo umeziba. Webb ilipofika angani ilikuwa na unyevu uliojificha kwenye vifaa vyake. Wakaweka hita kwenye MIRI kukizuia kisipoe mapema, mvuke usije ukagandia juu yake, wakaacha sehemu nyingine zikauke kwanza. Ndiyo maana ilichukua hadi tarehe 7 Aprili 2022 kufika chini ya kelvini 7. Kuwa na friji yenye nguvu kiasi hicho kisha ukaishikilia kwa hita kwa majuma, ni nidhamu ambayo kazini kwetu wengi hatuna. Mteja akisimama mlangoni tunawasha tu.

Webb ilipokielekea WISE 0855 ikaona mvuke wa maji, methani na amonia waziwazi kwenye mwanga wake. Ikaona hata methani yenye dutiriamu, haidrojeni nzito, ambayo nyota huichoma mapema sana na kitu chepesi kama hiki hakina moto wa kuichoma. Kama kuna mawingu ya barafu ya maji pale juu, bado wanabishana. Mimi natamani yawepo.

Na kuna kingine, W1935, umbali wa miaka ya nuru 47. Mwanzoni mwa 2024 mwanaastronomia Jackie Faherty na wenzake walieleza kwamba methani yake, badala ya kunyonya mwanga, inatoa mwanga, jambo linaloashiria kuna joto tabaka za juu, pengine miali ya ncha kama ile ya Mshtarii na Zohali. Hakina nyota ya kukimulika, hivyo swali la joto hilo limetoka wapi bado halijajibiwa. Mmoja wa waliokigundua ni Dan Caselden, mtu wa kujitolea katika mradi wa Backyard Worlds.

Mradi huo ulianza Februari 2017, na kila mwenye simu na bando anaweza kuingia. Unaonyeshwa kipande kidogo cha anga kutoka WISE, picha za miaka tofauti zikipokezana. Nyota nyingi zina weupe wa bluu na hazitikisiki. Unachokitafuta ni nukta yenye rangi ya chungwa inayoruka kidogo, kutoka hapa kwenda hapa, picha baada ya picha. Takataka ni nyingi: miale ya nyota kubwa, mizimu ya mwanga ndani ya lenzi, vipande vilivyochakaa. Jicho linajifunza. Kijana wangu wa kazi ana jicho kuliko mimi. Huwa tunakaa na simu moja tukisubiri chumba kishuke joto, yeye anasema "hii inatembea, fundi", mimi natazama mara tatu kabla sijaona. Picha hizo ziliendelea kupigwa hadi 31 Julai 2024, miaka mingi baada ya haidrojeni kwisha, kwa zile bendi mbili fupi zisizodai baridi kali.

Luhman alishapekua data za WISE akitafuta ndugu wa Jua aliyejificha ukingoni mwa mfumo wetu. Hakuna chenye ukubwa wa Zohali hadi mara 10,000 ya umbali wa dunia na Jua, wala chenye ukubwa wa Mshtarii hadi mara 26,000. Zaidi ya hapo, kati yetu na Alfa Kentauri, kitu kidogo kilichopoa kuliko WISE 0855 bado kinaweza kuwepo.

Inayofuata ni NEO Surveyor, inayotarajiwa kurushwa si kabla ya Septemba 2027. Kazi yake rasmi ni asteroidi zinazoweza kutugonga. Kioo kina sentimita 50, haina heliamu, haina haidrojeni. Inapozwa kwa kivuli na kwa kutoa joto lake gizani, na kipokezi chake kimoja kinafika mikroni 10. Wengi wataiandika habari yake kwa ajili ya asteroidi, na wana haki. Mimi nitakuwa nazisubiri picha za nyuma ya asteroidi hizo.

Wenzangu wa Mkuranga, Kisarawe na Rufiji, Machi ikifika zimeni taa za uani, tafuteni Alfardi, kisha sogeeni magharibi kama upana wa ngumi moja mkiwa mmenyoosha mkono.